Kilemba cha Rangi ya Urojo

Mwanangu alikuwa na miaka saba, hajui hata kufunga kamba za viatu vyake, na tayari kichwa chake kilikuwa kimeshaingizwa kwenye siasa. Naandika haya bado nna hasira, na mtu asinambie nitulie. Nshatulia sana. Nilitulia muda wote wazee wawili walipokuwa wakigombania nchi ambayo haijakuwepo bado na Mungu ndiye ajuaye kama itakuwepo, tena wanaigombania ndani ya kichochoro ambacho punda akipita na mzigo inabidi uingie kwa watu.

Sisi ni Makalasinga wa Mji Mkongwe. Vitabuni wanatuandika Masingasinga, na mie naitika lolote mradi mtu asiliseme huku anacheka. Babu wa babu yangu alikuja Unguja na randa na msumeno, akaahidi atarudi kwao India akimaliza kazi, na kazi haikwisha. Leo tumebaki wachache. Kukiwa na arusi tunaenea sote kwenye sebule moja, na watoto wanapata nafasi ya kufukuzana. Hekalu hatuna. Kitabu chetu kitukufu kinakaa chumba cha juu nyumbani kwa baba mkwe wangu, kimefunikwa vizuri, na Jumapili tunapanda huko kusali, kisha tunashuka kula chini sote pamoja, dengu na chapati, sufuria moja, tajiri na fukara, na jirani yeyote aliyesikia harufu.

Wanaume wetu hawakati nywele. Wanazifunga utosini na juu yake wanapiga kilemba. Watoto wa kiume wanafungwa kifundo, halafu kinafunikwa na kitambaa kidogo. Hayo ndiyo unayohitaji kuyajua. Mengine ni ugomvi tu.

Wazee wenyewe ninaowasema ni baba mkwe wangu na ami yangu, ndugu wa marehemu baba, aliyenilea. Nyumba zao zinatazamana. Mie nilipoolewa nilivuka kichochoro tu, viatu havikuchafuka. Madirisha ya ghorofani yamekaribiana kiasi kwamba ami alikuwa akimrushia mwanangu peremende kutoka kwake, na ndiyo maana mtoto akamwita Babu wa Dirishani. Baba mkwe ni Babu tu.

Sasa kilemba. Kilemba ni kitambaa kirefu, ukikitandaza kinatoka mlangoni mpaka jikoni. Kabla hujakifunga lazima kivutwe kinyooke, kisha kikunjwe kwa urefu wake, mkunjo juu ya mkunjo, na hiyo si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anashika ncha hii, mwenziwe anashika ile. Kila asubuhi, tangu mie sijazaliwa, ami alikuwa anavuka kwenda kumshikia baba mkwe, akimaliza baba mkwe anamshikia yeye. Wanaume wazima wanavutana kitambaa sebuleni huku wanausengenya mtaa mzima. Ukitaka kujua nani kauza nyumba au mtoto wa nani karudishwa skuli, kaa karibu na kilemba.

Halafu zikaja simu.

Baba mkwe ana mpwa wake Kanada. Yule mpwa alianza kumtumia video za maandamano, bendera, watu wanapiga makelele kwenye theluji: Masingasinga tuwe na nchi yetu, Khalistan, imegwe kutoka India. Ami naye ana shemeji yake Delhi, akawa anatumiwa video za kujibu zile video. Mwisho, Jumapili moja, baba mkwe ameshika upawa anagawa dengu, ami akasema, "Wewe India yenyewe hukukaa hata mwezi, unataka kuigawa."

Baba mkwe akajibu, "Na wewe uliyekaa, ulijifunza nini? Kuogopa tu."

Upawa ukatupwa sufuriani, dengu ikawarukia watu. Wakawa hawasemi tena.

Basi kundi letu moja la kwenye simu likawa mawili. Moja lina picha ya bendera, jengine lina picha ya maua. Sala ikawa mara mbili: hawa asubuhi mapema, wale wakishaondoka hawa, chumba kile kile, kitabu kile kile. Wakikutana ngazini kila mtu anatazama vidole vyake vya miguu kama kaviona leo. Na sufuria za dengu zikawa mbili. Nani anapika? Mie. Upande wa bendera ni mkwe wao, upande wa maua ni mtoto wao. Hakuna aliyeniuliza mie niko upande gani, wameniuliza chumvi tu kwa nini imezidi.

Na vilemba vikaharibika. Baba mkwe alikuwa anaifunga ncha ya pili kwenye msumari wa shaba wa mlango wake wa nakshi, halafu anavuta peke yake. Kitambaa kimoja kikachanika. Kingine kikawa kinalala upande mmoja mchana kutwa. Ami alifunga chake kwenye chuma cha dirisha, kikatoka mviringo kama kitunguu. Wote wawili walitoka barazani hivyo hivyo, vichwa juu, wanajifanya ndiyo mtindo.

Mtoto wangu aliona. Watoto wanaona.

Ndipo siku ya kufunga skuli akarudi nyumbani kifundo kimefumuka, nywele zimemwagika mpaka mabegani, macho mekundu. Wenzake wamemvuta nywele, wamemwita binti. Akatupa mkoba.

"Mama, nipeleke kwa kinyozi."

"Nani kakwambia?"

"Baba mbona kakata?"

Mume wangu anatengeneza mashine za boti kule Fumba. Alikata nywele zamani, kisingizio chake ni grisi. Anavaa kofia ya mpira. Alipoulizwa hivyo akaanza kuitazama dari kana kwamba inavuja.

Mie si mtu wa dini sana, nasema kweli. Lakini zile nywele nimeziosha mimi, nimezipaka mafuta ya nazi mimi, kila Jumamosi juu ya paa na kitana mkononi, yeye analia, mie natukana kimoyomoyo. Siku akitaka kuzikata kwa akili zake, atakata, kichwa chake. Lakini zisikatwe na vitoto ambavyo kamasi zenyewe havijajua kufuta! Nikamkalisha, nikamuuliza taratibu, nini kitamfanya azibakishe.

Akafikiri. Akasema, "Nataka kilemba. Cha kweli, kama cha Babu. Hiki kimfuko sikitaki. Na wanifunge babu wote wawili, kama wanavyofungana."

"Hawafungani siku hizi."

"Ndo maana vyao vibaya."

Nikamuuliza, "Rangi gani?"

"Ya urojo," akasema. Wala hakufikiri, mchuzi ule wa manjano wauzao mlangoni skuli ndio chakula chake. "Skuli zikifunguliwa niwe nacho. La sivyo, kinyozi."

Tukapeana mikono. Kumfunga mtoto kilemba chake cha kwanza kwetu ni shughuli, watu wanaitwa, kunasaliwa, kunaliwa. Nikatangaza kwenye makundi yote mawili maneno yale yale: njooni. Nikaenda Darajani kununua kitambaa cheupe chepesi, nikateremka kwa Bi Mkubwa anayekaa chini yetu. Yeye Mtumbatu, anasuka mikeka, na mambo ya kutia ukili rangi anayajua. Vidole vyake havina rangi yao ya kuzaliwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Rangi gani huyo bwana anataka?"

"Ya urojo."

"Urojo wa watalii au wetu?"

"Wa mlangoni skuli."

"Lo! Ule una embe nyingi ule." Akatia manjano, akatia nyekundu kidogo, akachovya kipande cha ukili, akakitazama juani, akaongeza. Mtoto akaitwa kuhakikisha. Akainama juu ya sufuria, akanusa. Akasema bado chatini. Bi Mkubwa akacheka mpaka akakaa, akatia na rangi ya chatini.

Kitambaa kilitoka kama kilivyotakiwa. Urojo mtupu, ungetia kachori ndani. Nikakitundika kwenye kamba inayovuka kichochoro, na mtembeza wageni mmoja akasimama chini na watalii wake akawaelezea kwa kirefu kwamba leo ni sikukuu. Wakapiga picha. Na jirani sijui nani naye akapiga, na kabla kitambaa hakijakauka picha ilikuwa kwenye makundi yote mawili.

Upande wa bendera wakaleta mioyo, mikono, machozi ya furaha. "Hongera! Rangi ya mashahidi! Simba mdogo!" Mpwa wa Kanada akaandika kwamba hata Zanzibar kumekucha.

Upande wa maua, kimya. Kisha ami akaandika mstari mmoja: "Sisi hatutakuja."

Nikaitazama ile simu nikatamani kuitia kwenye dengu. Manjano ile, eti, ndiyo rangi ya bendera yao ile. Ni nani duniani isipokuwa sisi anayeweza kutazama kitambaa cha mtoto akaona mpaka wa nchi?

Nikavuka. Sikubisha hodi.

"Ami, shikamoo. Kwa nini huji?"

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Sikai. Mjukuu wako anafungwa kilemba."

"Cha rangi ile."

"Rangi ya urojo!"

"Mie rangi ile naijua, mwanangu. Usinifunze."

"Basi muulize Bi Mkubwa alivyotia chatini!"

Akatabasamu kidogo, halafu akaacha. Akaonesha kwa kidevu chumba cha ndani, ambamo mkewe alikuwa amelala. Moyo wake hauko sawa, na daktari kasema akatibiwe India. "Tunangoja viza," akasema kwa sauti ya chini. "Mie nikipigwa picha na rangi ile, wenzako wataisambaza mpaka Kanada. Afisa kule ubalozini hatakuuliza ni urojo au nini. Unataka nimwambie nini huyu? Kwamba amekosa kwenda kwa sababu ya kilemba?"

Sikuwa nimelijua hilo. Nikakaa.

"Mngenambia, Ami."

"Tungekwambia, ungepiga makelele."

Ni kweli, ningepiga.

Nikarudi kwangu nikamkuta baba mkwe kashaandaa hotuba. Hotuba! Ya kilemba cha mtoto! Anazunguka sebuleni, kilemba chake kimelala kulia, mkono mmoja juu, "Enyi ndugu..." Nikasimama mbele yake.

"Baba, kichwa cha mwanangu si mlingoti. Hakipandishwi bendera."

Mume wangu aliyekuwa mlangoni akageuka akarudi alikotoka.

Baba mkwe hakunifokea. Nilikuwa nimejiandaa anifokee. Alikaa chini, akasema, "Wewe hukumjua mdogo wangu. Alikwenda kusoma Delhi. Miaka ile ya themanini, walipokuwa wanaua wenye vilemba barabarani, naye alikuwamo katika waliouawa. Siku anaondoka hapa nilimfunga kilemba mimi, chumba hiki. Na aliyeshika ncha ya pili ni ami yako." Akafuta miwani. "Sasa yeye anaogopa picha, mimi naota nchi yetu. Usidhani nacheza na video, binti yangu."

Nikamsogezea chai. 

"Pole, Baba," nikasema mwisho. "Lakini huyu ana miaka saba. Anataka kilemba cha urojo na babu wawili. Hakuna jengine alilotaka."

"Hotuba naiacha," akasema. "Ila mimi mlangoni kwake siendi."

Na ami hatoki mlangoni kwake. Haya.

Siku yenyewe ikafika, Jumapili ya mwisho kabla ya skuli kufunguliwa. Nilisimama juu ya ngazi na beseni la kufulia. Kila aliyepanda, simu beseni. Shangazi mmoja wa mume wangu akanung'unika kuwa yake mpya. "Itaogelea na wenziwe," nikamwambia. Hakuna picha. Upande wa bendera walikuja wote, upande wa maua hakuja hata paka. Chumba kilikuwa nusu, na nusu tupu ilionekana zaidi kuliko nusu iliyojaa. Mwanangu alikaa katikati, nywele zimechanwa, kifundo kimekazwa, anatazama mlango. Kila hatua ya ngazini anainua shingo. Alikuwa ni Bi Mkubwa, anakuja kuona rangi yake.

Tukasali. Baba mkwe akakunjua kitambaa, akatazama huku na huku nani amshikie. Mume wangu akajitokeza, maskini, mikono kaisugua mpaka imechubuka. Akashika ncha. Akavuta. Kona ikamponyoka. Akavuta tena kwa nguvu, kitambaa kikajipinda kama kamba ya ndoo.

"Baba anakivuta kama anawasha boti," mtoto akasema, na chumba kizima kikacheka.

Mtoto mwenyewe hakucheka. Baba mkwe alijaribu kukunja, mkunjo ukaenda kombo, wakarudia, ukaenda kombo zaidi. Nikamwona mwanangu anainua mkono, anakigusa kile kifundo chake, kama mtu anayeaga.

"Basi, Mama," akasema. "Kesho twende kwa kinyozi."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Hasira zikanipanda nyingine mpya kabisa. Nikampokonya mume wangu ile ncha. Pale kwenye sinia ya achari palikuwa na ndimu, nikaifunga ndimu moja kwenye pembe ya kitambaa, nikaenda dirishani nikalisukuma wazi. Ng'ambo, nyuma ya dirisha lililofungwa nusu, alikuwapo. Amesimama na kopo la kumwagilia, anamwagilia mrehani uliokwisha kufurika.

"Ami!"

"Naam!" Ilimtoka kabla hajafikiri.

"Shika!"

Nikatupa. Ndimu ikampiga kifuani, kopo likaanguka, kitambaa cha urojo kikatanda juu ya kichochoro kutoka dirisha hadi dirisha.

"Wewe mtoto una wazimu? Nshasema siji!"

"Hujaja! Uko kwako! Shika tu!"

Akaitazama ile ncha. Akatazama chini kichochoroni, akatazama nyuma yangu akitafuta simu.

"Zote ziko kwenye beseni, Ami. Wallahi."

Nyuma yangu baba mkwe alikuwa ameganda na ncha yake mkononi.  Mwanangu akajipenyeza chini ya mkono wangu, akatoa kichwa nje, nywele zake zote hizo juani.

"Babu wa Dirishani," akasema, "vuta."

Na yule mzee akavuta.

Mkono unajua kazi yake. Alivuta pembe kwa pembe, akatikisa mara moja, kitambaa kikanyooka kama kimepigwa pasi. Baba mkwe akasogea dirishani. Wakakunja mkunjo wa kwanza bila neno. Wa pili. Halafu sauti ya ami ikaja kutoka ng'ambo, ya ukali:

"Umeachia kona."

"Sijaachia. Wewe ndo unavuta kama punda wa chokaa."

"Kaza basi!"

"Nimekaza! Macho yako yako wapi?"

"Kwenye kilemba chako, kimelala kama mlevi."

"Na chako kitunguu!"

Chini, kijana wa baiskeli aliinama kupita ijapokuwa kitambaa kilikuwa juu sana kwake. Bi Mkubwa anashangilia kama yuko uwanja wa Amaan. Mkunjo wa mwisho ulipokwisha, ami akairudisha ile ncha. Ndimu akabaki nayo.

Baba mkwe akamfunga mjukuu wake, taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Akampeleka dirishani akaonwe. Ami akamtazama muda mrefu.

"Kulia kumepanda. Kishushe kidogo."

Baba mkwe akakishusha. Ni kweli kilikuwa kimepanda.

Sauti ya mke wa ami ikatoka ndani, dhaifu lakini inasikika. "Niondokeeni na mie nione!" Akaja, akajishika kwenye chuma cha dirisha. "Bendera gani? Huo si urojo? Wa embe!"

Msidhani wamepatana. Makundi bado mawili, sala mara mbili, dengu sufuria mbili na mikono yangu ile ile miwili. Lakini kila asubuhi, kabla sijaamka vizuri, dirisha linapigwa, na wananiamsha kwa "kaza" na "umeachia". Vilemba vyao vimenyooka. Hakuna aliyekwenda mlangoni kwa mwenziwe, na hilo kila mmoja wao hukwambia kwa fahari.

Mwanangu alikwenda skuli na kilemba chake. Walimwita Sultani, akaona ni afadhali, akawapangia vyeo wote. Wiki haikwisha akarudi kavimbisha mdomo, hataki kuingia ndani. Alikuwa amekula urojo mlangoni skuli, mwenziwe kamsukuma, bakuli zima limemmwagikia kichwani.

"Usinipige, Mama."

Nikamtoa kilemba, nikakikunjua juu ya paa, nikakitazama kwenye jua pembe hadi pembe, mbele na nyuma. Nilinusa, nikasikia embe na pilipili. Lakini doa, wallahi, sikuliona.